Mizunguko Sitini

Mto haujui kwamba watu wamelala. Ukishaelewa hilo, nusu ya insha hii umeimaliza.

Chukua Mbuiru. Wakati ninaouzungumzia kijiji hiki kilikuwa Meru Kusini, leo kiko Kaunti ya Tharaka-Nithi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watu wake walishirikiana na shirika la ITDG, ambalo siku hizi linaitwa Practical Action, pamoja na Wizara ya Nishati, kujenga mtambo mdogo wa stima kwenye mto Tungu. Pesa zilitoka UNDP. Mradi ukaitwa Tungu-Kabiri. Familia kama 200 zilinunua hisa, kisha zikatoa na jasho juu yake, kuchimba na kubeba. Yote hayo kwa kilowati 18. Ukitaka kujua kilowati 18 ni nini, fikiria birika tisa za stima zikichemka kwa pamoja. Kule Karen kuna nyumba moja inayoweza kula hiyo yote Jumapili mchana na bado ikalalamika.

Sasa fikiria kijiji kama hicho saa nne usiku. Kinyozi amefunga, welda amefunga, mama wa mwisho amezima taa. Lakini maji yanaendelea kushuka kwenye bomba na kupiga turbaini kwa nguvu ileile ya saa kumi na mbili jioni. Turbaini iliyokuwa ikisukuma mzigo sasa haina cha kusukuma. Inaongeza kasi, kama baiskeli iliyong'oka cheni ukiwa unakanyaga kwa nguvu. Volti zinapanda. Ile taa moja iliyobaki, ya mtoto anayesomea mtihani, inawaka nyeupe kupita kiasi halafu inapasuka. Usipofanya kitu, jenereta inaweza kufika karibu mara mbili ya kasi yake ya kawaida na kujivunja yenyewe.

Kwa hiyo swali la kwanza la stima ya maji ni utafanya nini nayo wakati hakuna anayeitaka. Kuitengeneza ni swali la pili.

Mabwawa makubwa yana jibu lake la zamani, na jibu hilo linaitwa gavana. Si yule wa msafara wa magari. Ni mashine inayosikiliza kasi ya turbaini na kutumia mafuta yenye shinikizo kubwa kufungua au kubana milango ya maji. Embu tunazijua mashine za ukubwa huo, angalau kwa macho. Kwenye mto Tana, pale unapotenganisha Mbeere na Ukambani, kuna stesheni tano za mpango wa Seven Forks: Kindaruma ya 1968, Kamburu ya 1974, Gitaru ya 1978, Masinga ya 1981 na Kiambere ya 1988. Gitaru peke yake ina megawati 225. Hiyo ni Mbuiru mara 12,500.

Historia ya stima Kenya huandikwa hivyo, kwa megawati na mikasi ya kukata utepe. Rais alifika, bamba likafunuliwa, nyaya zikaanza kupeleka stima Juja Road na Dandora. Hizo nyaya ziliruka juu ya mapaa ya Mbeere kwa miongo mingi huku chini yake watu wakiwasha koroboi. Ukikua upande huu unajifunza mapema kwamba stima ni kitu kinachopita. Unaisikia ikinguruma juu ya waya kubwa siku ya ukungu, na nyumbani unanunua mafuta ya taa ya shilingi ishirini.

Mimi nataka kuiandika kutoka upande mwingine, kutoka kwa kitu kidogo kinachotoshea kiganjani.

Gavana wa mafuta ni ghali. Kwa mtambo wa kilowati 18 anaweza kuzidi bei ya turbaini yenyewe. Ndiyo maana kuanzia miaka ya 1980, kwenye vijiji vya milimani vya Nepal na Sri Lanka na baadaye huku kwetu, mafundi wa mitambo midogo walilipindua wazo lote. Walisema: wacha maji yaende vile yanavyoenda. Jenereta izalishe vilevile saa zote. Kijiji kikizima kilowati tano, tunazihamishia kilowati hizo tano mahali pengine papo hapo, kwenye vipasha vilivyozamishwa ndani ya pipa la maji. Jenereta haitajua tofauti. Kwake yeye mzigo haujabadilika. Kidude kinachofanya uhamisho huo ni kidhibiti mzigo, bodi ya elektroniki kwenye sanduku la bati, na mlinzi wa mlango ndani yake mara nyingi ni thairista.

Jina lenyewe lina hadithi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 William Shockley alipendekeza kifaa cha silikoni chenye tabaka nne. Mwaka wa 1957 wahandisi wa General Electric kule Marekani, Gordon Hall akiwa kati yao, wakatengeneza kimoja kilichofanya kazi, na mwenzao Frank Gutzwiller ndiye aliyekisukuma mpaka kikawa bidhaa. Kabla yake kazi hiyo ilifanywa na chupa za kioo zenye gesi, zilizoitwa thairatroni. Sehemu ya kwanza ya jina hilo inatoka kwa neno la Kigiriki la mlango. Wakaunganisha mlango na transista, ikawa thairista. Na ule mguu mdogo wa pembeni, ambao ndio unaofungua mlango, wakauita kwa neno ambalo sisi tumeshalichukua zamani na kulipaka rangi ya bluu na kuliwekea mbwa: geti.

Huu mlango una tabia moja ya ajabu. Ukiupa msukumo mdogo kwenye geti, unafunguka na kupitisha mkondo mkubwa, makumi au mamia ya ampia. Lakini ukishafunguka, geti halina tena la kusema. Ondoa msukumo, mlango unabaki wazi. Hautajifunga mpaka mkondo wenyewe uishe kabisa. Ni kama mlinzi anayeweza kufungulia umati wa Stadi ya Kinoru siku ya fainali lakini hawezi kuufunga mpaka mtu wa mwisho apite.

Kwa stima ya betri hii ni balaa. Kwa stima inayotoka kwenye jenereta ya kijiji ni zawadi, kwa sababu stima hiyo hugeuza mwelekeo. Kwa mawimbi 50 kwa sekunde mkondo unafika sifuri mara 100 kila sekunde, na kila ukifika sifuri mlango unajifunga bure. Kati ya sifuri moja na nyingine kuna milisekunde kumi. Hapo ndipo unapochezea. Fungua geti mapema ndani ya hizo milisekunde kumi, pipa la maji linakula nguvu nyingi. Chelewa, linakula kidogo. Fungua kwenye milisekunde ya tisa, linapata makombo tu. Kijiji kizima kinasawazishwa kwa kuamua ni lini, mara 100 kwa sekunde, kubisha hodi.

Na kubisha hodi ndiko kugumu.

Upande mmoja una bodi ya akili, inayofanya kazi kwa volti 12 au chini yake, na mtu anaweza kuishika. Upande wa pili una thairista iliyofungwa moja kwa moja kwenye waya za volti 240, na kwenye mtambo wa nyaya tatu utakuta volti 415 kati ya waya na waya. Msukumo wa geti lazima upelekwe kati ya geti na mguu wa chini wa thairista, na huo mguu wa chini hautulii. Unapanda na kushuka na waya mkubwa, mamia ya volti, juu chini. Ukiunganisha bodi yako hapo kwa waya wa kawaida, bodi nayo inapanda na kushuka, na aliyeishika pia. Kama thairista ni tatu au sita, kila moja ina mguu wake unaoruka kivyake, kwa hiyo waya mmoja wa pamoja hata hauwezekani, ni shoti.

Unahitaji kupitisha amri bila kugusana. Michael Faraday alikuwa amekwisha kutatua hili mwaka wa 1831, bila kujua anamtatulia nani, alipozungushia pete ya chuma koili mbili zisizogusana. Alipounganisha betri upande mmoja, sindano upande wa pili ikatikisika, kisha ikatulia. Alipoikata, ikatikisika tena. Hiyo sindano kutikisika halafu kutulia ndiyo habari yote. Kinachovuka ni badiliko. Stima iliyotulia haivuki.

Transfoma ya mipigo ni ile pete, imepunguzwa mpaka ikawa kama tufe la mdomo wa chupa ya soda. Na hapa nitaingia jikoni kidogo. Nimesoma makala nyingi zinazosifu teknolojia bila kumwonyesha mtu hata waya mmoja, na nimechoka nazo.

Kuna kanuni moja: volti mara muda, sawa na idadi ya mizunguko mara eneo la kiini mara badiliko la sumaku. Tuseme bodi yako inatoa volti 12 na unataka kila mpigo uchukue mikrosekunde 50. Kumi na mbili mara hamsini ni 600. Kiini chako cha feraiti, ile kama jivu iliyobanwa ikawa jiwe, kina eneo la nusu sentimita mraba. Feraiti hushiba. Ukiijaza sumaku kupita kiwango, inaacha kuwa transfoma na kuwa kipande cha waya, na transista inayoiendesha inaungua. Usiipeleke zaidi ya tesla 0.2, uwe na nafasi ya kupumua. Piga hesabu: unapata mizunguko 60. Upande wa geti weka 30, ukapata nusu ya volti, yaani kama 6, ambazo zinatosha kwa sababu geti lenyewe huhitaji volti moja na kitu. Weka dayodi na rezista ya omu 22 njiani, na geti linapata kama ampia 0.17. Kwa thairista nyingi za ukubwa wa kijiji hiyo ni hodi ya kusikika.

Lakini mikrosekunde 50 ni muda mfupi mno kwa mzigo ambao mkondo wake hupanda polepole. Mlango ukifunguliwa kabla mkondo haujakolea, unajifunga tena. Huwezi kurefusha mpigo, kiini kitashiba. Kwa hiyo unabisha mfululizo: mikrosekunde 50 za kupiga, 50 za kupumzika, tena na tena mpaka nusu ya wimbi iishe. Wakati wa mapumziko sumaku lazima iondoke kwenye kiini, la sivyo kila mpigo utaongeza juu ya ule wa kabla yake mpaka kijae. Ndiyo kazi ya dayodi ya zena upande wa transista. Ikiwa ya volti 15, sumaku iliyoingia kwa 600 inatoka kwa 15 mara 40. Mikrosekunde 40, na wewe ulikuwa na 50. Zimebaki kumi. Mimi naiona hesabu hiyo kuwa kitu kizuri kuliko mashairi mengi niliyolazimishwa kukariri, na simaanishi vibaya kwa washairi.

Faida nyingine ya transfoma hii ni ya kimya. Njia za kutumia mwanga zipo, vile vidude vyenye taa ndogo ndani vinavyowasha upande wa pili bila waya. Lakini mwanga huo hubeba habari tu. Kwa thairista kubwa, upande wa pili utahitaji kujitafutia nguvu yake mwenyewe ya kusukuma geti, maana yake paua nyingine ndogo kwa kila thairista. Transfoma hubeba habari na nguvu kwa safari moja. Ndiyo sababu mchoro uliochorwa miaka ya 1960 bado unachorwa leo. Kwenye mashine kubwa za maji za kisasa, sumaku ya rota hulishwa na daraja la thairista sita, na kila geti mara nyingi lina transfoma yake ya mipigo. Kidude kilekile kinafaa kwa megawati 70 na kwa kilowati 18. Ukienda juu kabisa ndipo kinaachwa: kwenye laini ya volti 500,000 kutoka Ethiopia hadi Suswa, iliyoanza kuleta stima mwishoni mwa 2022, thairista zimepangwa kwa safu ndefu, na stesheni za namna hiyo hutuma amri kwa mwanga ndani ya nyuzi za kioo, kwa sababu hakuna tepu ya kuhami inayoweza kusimama kati ya koili mbili kwa volti kama hizo.

Haya nilitakiwa kuyajifunza kampasi. Nilifanya kozi ya umeme mpaka mwaka wa tatu, kisha karo ikagoma na mimi nikaondoka. Somo la elektroniki za nguvu lilikuwepo. Thairista tuliichora. Tuliichora sana, na mishale. Maabara yenye thairista ya kushika ilikuwa na kufuli, na mwenye ufunguo alikuwa akitafutwa muhula mzima.

Ya kwanza kuishika nilionyeshwa Makutano, Meru mjini, na fundi wa pikipiki ambaye alikuwa amevunja sanduku la CDI kwa nyundo kwa hasira.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Mwaka wa 2008 serikali iliondoa ushuru kwa pikipiki zisizozidi injini ya 250, na ndani ya miaka michache kila stage kutoka Siakago hadi Maua ilikuwa na wasee wa boda. Nyingi za pikipiki za Kichina za muundo wa CG125 zilikuja na kisanduku cheusi kidogo chini ya tangi. Ndani yake kuna kapasita inayojazwa volti mia mbili na zaidi na koili ya injini. Gurudumu la injini linapozunguka mbele ya koili nyingine ndogo, linazaa mpigo. Mpigo huo unaingia kwenye geti la thairista. Mlango unafunguka, kapasita inajimwaga yote kwenye koili ya plagi, ambayo nayo ni transfoma ya mipigo iliyokuzwa, na cheche inaruka.

Kwa maneno mengine, thairista haikuingia Meru na Embu kwa megawati. Ilikuja na boda, ikabeba miraa, wagonjwa, watoto wa shule na magunia ya viazi, ikifunguka maelfu ya mara kwa dakika chini ya makalio ya watu ambao hakuna aliyewaambia iko pale. Hakuna utepe uliokatwa.

"Hii haitengenezwi, kijana," fundi aliniambia akinionyesha vipande. "Hii ni ya kununua."

Alikuwa sahihi, na si kwa sababu ya ujinga wowote. Sanduku lile limejazwa gundi nyeusi ngumu kama jiwe. Gundi inazuia maji na mtikisiko, hiyo ni kweli. Pia inazuia macho. Mtu anaweza kufunga CDI elfu moja maishani na asijue kilicho ndani kina jina. Nilimuuliza kama naweza kuchukua vipande. Alicheka, akaniambia nichukue na nyundo.

Ndiyo maana nasumbuka na mitambo midogo. Maji ya Mlima Kenya hayajaisha, na kwenye mito ya Embu, Meru na Kirinyaga bado kuna mahali pengi pa kuweka turbaini. Bomba likipasuka, kijiji kinajua la kufanya. Turbaini ikilegea, kuna welda. Bodi ya kidhibiti ikiungua, kila kitu kinasimama na kungoja. Mtu anatumwa Nairobi. Nairobi inaagiza ng'ambo. Barua pepe zinaenda na kurudi, mfereji unaota nyasi, na watu walionunua hisa wanaanza kusema mradi ulikuwa wa wazungu. Hisa 200 na miaka ya kuchimba vinaning'inia kwenye kidude ambacho kinahitaji waya wa shaba wa mita chache.

Waya huo upo. Kiini cha feraiti kipo ndani ya kila paua ya kompyuta iliyokufa na kila TV nene iliyotupwa baada ya kuhama dijitali mwaka wa 2015. Kimegundishwa, ukikilazimisha kinavunjika. Mafundi wa redio wanajua dawa: kichemshe kwenye sufuria ya maji dakika kama kumi na tano, gundi italegea, kisha kivute taratibu kikiwa bado cha moto, na kitambaa mkononi. Usitumie sufuria ya nyumbani.

Zungusha zile 60 za kwanza kwa mpangilio, bila kupandishana. Kisha tepu ya kuhami ya joto kali, matabaka matatu, ikipita ukingo kila upande, kwa sababu hapa ndipo mkono wa mtu unapotenganishwa na volti 415. Usibane hapa kwa sababu ya bei ya tepu. Halafu zile 30. Weka alama mahali kila koili inapoanzia, kwa kalamu, kwa rangi ya kucha, kwa chochote. Waya za kwenda geti zisokote pamoja na zifanye fupi, la sivyo zitaokota kelele za welda wa jirani na mlango utafunguka bila kubishwa. Kati ya geti na mguu wa chini weka rezista ndogo ya kumeza hiyo kelele.

Usianze na jenereta ya kijiji. Anza na balbu moja ya zamani ya wati 60, ile ya uzi, ukiwa na fyuzi njiani na mtu mwingine ndani ya chumba. Ikikataa kuwaka, mara nyingi koili moja imegeuzwa: mpigo unafika kwenye dayodi ukiwa umeangalia nyuma. Zima, badilisha miisho miwili ya zile 30, washa tena.